Mother India: uliitazama wapi, na nani alilia? Tupeane uzoefu

Mzee wa Senema: Wakuu, nimeirudia Mother India, ile filamu ya Kihindi ya Mehboob Khan (1957), na bado inauma. Rupia 500 alizokopa mama mkwe kwa ajili ya harusi zinamkamua Radha, mama wa picha, maisha yake yote. Mkopeshaji Sukhilala anabeba robo tatu ya mavuno, na hiyo ni riba tu. Mume kapondwa mikono na jiwe shambani, kaondoka, hakurudi. Mama anakokota plau kwa mabega. Haya, mwageni ya kwenu: uliitazama wapi, ukiwa na nani?

Binti Vuga: Majestic, Unguja, onesho la wanawake, nimepakatwa na bibi. Kihindi hakijui hata kidogo. Sukhilala alipomtaka Radha amkubali ndipo wanawe wapate kula, ukumbi mzima: "Usikubali, mwanangu!" Bibi kasimama, buibui limedondoka, na mimi niko chini. Njia nzima hakuwa na lingine ila bangili za Radha alizozishikilia yule bahili. Za kwake nazo aliziweka rehani mjomba asome, hazikurudi.

Mtoto wa Chumbageni: Regal, Tanga. Kwetu sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Sasa Birju, mtoto wa Radha, kapigwa risasi, tena na mama yake! Tukagoma kutoka, tukijua ataamka tu. Mfagiaji akatutoa kwa ufagio.

Kipanga: Mimi sijamsamehe Radha mpaka leo. Umuue mwanao kwa ajili ya binti wa mkopeshaji?

Mama Shufaa: Kipanga mwanangu, bibi harusi kanyakuliwa na Birju siku ya harusi yake, ulitaka mama apige vigelegele? Wangu aliiba simu ya jirani. Nilimshika mkono mwenyewe hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, watu wanachungulia madirishani, naye ananinong'oneza, "Mama, turudi." Sikurudi. Kwa miezi akawa ananiamkia bila kunitazama. Usiyaone mepesi.

Kipanga: Shikamoo mama, yaishe.

Mzee wa Senema: Halafu mnajua kwamba Birju alimuoa mama yake? Walipokuwa wanapiga ile sehemu ya nyasi kuungua, moto ukawazidi nguvu, Sunil Dutt aliyeigiza Birju akajitosa kumtoa Nargis aliyeigiza Radha. 1958 wakaoana. Nimemsimulia mke wangu hayo katikati ya picha, kazima TV.