Kisanduku cha kuitia bata mzinga kinakwaruza tu

Wakuu, nimechonga kisanduku cha kuitia bata mzinga pori, mbao ya mwerezi, ila nikisugua kifuniko kinalia kama mlango mbovu badala ya sauti ya jike ya kumvuta dume, shida nini?

— Chaki umepaka? Ile isiyo na mafuta, chini ya kifuniko pale panapogusa ukingo. Na usipashike na vidole vya jasho, mbao ikishaingia unyevu kwisha habari.

— Kuta za pembeni zikiwa nene hazitetemi vizuri, piga msasa taratibu huku unasikiliza, ukizidisha basi tena, anza upya. Skrubu ya kifuniko nayo ilegeze kidogo.

— Mi natumia kiitio cha mifupa ya bawa la bata mzinga, nanyonya hewa tu kinalia, mvua hainihusu 😂

— Wewe tunakujua, dume likikusikia linahama msitu

— Wivu huo 😂