Freddie Mercury ni Mzanzibari au alizaliwa tu hapa? Karibuni tujadili

Mleta hoja

Nawasalimu nyote. Hili nalileta kwenu kwa sababu juzi lilituvunjia barza. Tulikuwa watu sita, kahawa ndiyo kwanza imemiminwa, mmoja akauliza kama Zanzibar ina haki ya kujivunia Freddie Mercury, yule mwimbaji wa kundi la rock la Queen la Uingereza. Haikufika robo saa, wawili wakanyanyuka wamenuna.

Nianze na yasiyobishaniwa. Farrokh Bulsara, ndilo jina lake la kuzaliwa, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, yaani wafuasi wa dini ya Zoroasta, wenye asili ya Gujarat, India, na baba alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Mtoto alipofika miaka minane hivi akapelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, na huko akapiga piano katika bendi ya wanafunzi. Akarudi Unguja 1963. Tarehe 12 Januari 1964 yakawa Mapinduzi, na miezi michache baadaye familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Alikuwa na miaka 17. Mengine dunia inayajua: kundi la Queen mwaka 1970, jina jipya la Mercury, na kifo tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, akiwa na miaka 45.

Msimamo wangu nausema mapema: ni wetu, na watalii siwahesabu katika hoja hii. Ni wetu kwa sababu kuondoka kwake ni sehemu ya historia ya visiwa hivi kama kulivyo kuzaliwa kwake.

Wengi wakimtaja hutaja mbwembwe: yale mavazi ya kubana, joho la kifalme na taji, masharubu, kifua wazi. Wanasahau kwamba mbwembwe zile zilikuwa kazi. Alisomea michoro ya usanii katika chuo cha Ealing, na nembo ya Queen aliichora yeye mwenyewe. Jukwaa alilipanga kama mshairi anavyopanga vina na mizani. Na alikuwa mtunzi hasa: katika nyimbo 17 za mkusanyiko wa Queen uliotoka 1981, 10 alizitunga yeye, na hakuna mbili zinazofanana mwendo. Tarehe 13 Julai 1985 uwanjani Wembley, kwenye tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, kundi lao lilipewa kama dakika 20 mbele ya watu 72,000 hivi. Akasimama na kile kijiti cha kipaza sauti kisicho na kitako, akaitoa sauti, uwanja ukaitikia. Akaipandisha, wakaipandisha naye. Sidai kwamba aliyatoa kwetu. Lakini aliyewahi kusimama kwenye ngoma au ukumbi wa taarab anaijua hali ile, mwimbaji akitupa na watu wakidaka.

Haya, semeni.

Mpinzani wa hoja

Mleta hoja, nakuheshimu, lakini hapa umeteleza. Mtu hawi wa mahali kwa cheti cha kuzaliwa. Utoto wake mwingi ulikuwa India, maisha yake Uingereza. Hakurudi kutuimbia, Kiswahili hakukiimba, na hata huko alikokuwa hakupenda kuzungumzia alikotoka. Yeye mwenyewe aliliacha jina la Bulsara. Sasa sisi tunamkimbilia nini mtu aliyetukimbia?

La pili, na hili silisemi kwa chuki. Hiki ni kisiwa cha Waislamu, naye alijulikana kwa mapenzi na wanaume. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na mwaka 2006 jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipopinga sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe, wengi tuliwaunga mkono. Heshima ya hadharani, kama kuupa mtaa jina lake, ni mafunzo kwa watoto. Siti binti Saad aliyetoka Fumba akaenda kurekodi Bombay mwaka 1928 kwa Kiswahili chetu ana nini kilichopungua, hata tumtafute wa Wembley?

Mleta hoja

Ndugu yangu, Siti hana kilichopungua. Nami nasema kama wewe, tungeanza na yeye.

Lakini tupime kwa kipimo kimoja. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, alivuta sigara mbele ya kamera na pombe hakuificha, na alipofariki Aprili 2013 visiwa vyote vilimlilia. Hakuna aliyesema tumefundisha watoto ulevi. Tulijua kutenganisha sauti na mwenendo, kila kimoja tukakiweka pake. Sikuombi umpitishe Freddie kwa mwenendo. Nakuomba usimfute kwa sababu ya mwenendo.

Ama kulikataa jina, hebu mfikirie kijana wa Kiasia aliyeingia London 1964. Miaka minne baadaye Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia Waasia wa Afrika Mashariki, wenye pasi za Kiingereza mkononi, wasiingie nchini humo. Barabarani walitukanwa. Kijana anayetaka kusimama jukwaani katika nchi ile, akabadili jina, mimi simwiti mkimbizi wa asili yake. Na neno "kutukimbia" naomba tulitumie kwa uangalifu. Familia ile haikuondoka kwa kuchoshwa na Unguja. Waasia na Waarabu kwa maelfu waliondoka katika miaka ile, wengi kwa hofu. Tukisema Freddie si wetu, tumekwisha kuwatolea wote hukumu ileile bila kuwasikiliza.

Mpinzani wa hoja

Bi Kidude aliishi nasi na akazikwa nasi. Mfano haulingani.

Mleta hoja

Kweli, haulingani sawasawa. Nakubali. La maelfu walioondoka hujalijibu.

Kijana wa utalii, Shangani

Mimi naongoza wageni. Tangu makumbusho yake yafunguliwe hapa Shangani mwaka 2019, sipitishi siku bila kuulizwa habari zake. Wageni wanafika na nyimbo wamezihifadhi, baadhi yao wanalia mbele ya picha za utotoni. Kinachoniuma ni kwamba wananiuliza "watu wa hapa mnamkumbuka vipi?" nami sina la kuwaambia zaidi ya kuwaonesha jengo. Wakubwa zetu wanabishana kama ni halali kumtaja, sisi vijana hatukuwahi kusimuliwa Waparsi walikuwa nani mjini humu, walisali wapi, walifanya kazi gani. Nimejifunza kwa wageni habari za mtaa wangu mwenyewe.

Muuguzi mstaafu, Bukoba

Naomba niingie ingawa si Mzanzibari. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa huku kwetu Kagera mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha mashati kilichokuwa katika fasheni, kwa sababu ugonjwa wenyewe hautajiki. Niliwauguza watu wakifa huku ndugu wanasema ni malaria au karogwa. Huyu mwanamuziki alitangaza ugonjwa wake tarehe 23 Novemba, kesho yake akafa. Wengine humlaumu kwa kuchelewa. Mimi siwezi. Nimewaona wenye hofu ileile, wasio na fedha wala jina, na najua neno lile linavyokwama kooni. Baada ya kifo chake wenzake walianzisha mfuko wa fedha kwa jina lake unaosaidia mapambano ya UKIMWI, Afrika ikiwemo. Mkiwa mnapima heshima yake, hilo nalo litieni kwenye mizani.

Bibi wa Vikokotoni

Wanangu, mjukuu ananisomea na ananiandikia. Huyo mwimbaji simjui na nyimbo zake sizifahamu. Nasema la 1964 tu, maana mmelitaja.

Nilikuwa mtoto. Jirani yetu alikuwa mama wa Kiparsi, mshoni. Walipoondoka waliondoka usiku na mizigo michache, na cherehani akamwachia mama yangu. Mama alishonea cherehani lile nguo zetu zote, na sare yangu ya skuli. Skuli nilisoma bure, kwa sababu mwaka uleule Mzee Karume alitangaza elimu bure, na mtoto wa kike wa nyumba yetu asingesoma kabla ya hapo. Basi mimi Mapinduzi siyasemi vibaya, na asiniwekee mtu maneno mdomoni.

Lakini mama hakuwahi kusema "cherehani langu". Miaka zaidi ya thelathini alikuwa akisema "niletee cherehani la jirani". Likiharibika analitengeneza, mnunuzi akija anamwambia mwenyewe hayupo. Amekufa analiita hivyo. Sasa nyie mnabishana yule kijana ni wetu au si wetu, mimi nasema waliokuwa jirani zetu walikuwa jirani zetu.

Mpinzani wa hoja

Bibi, shikamoo. Nimekusoma mara mbili. La jirani na cherehani sina pingamizi, na mleta hoja nakupa lile la maelfu: hawakuondoka kwa kutuchoka, na tumekaa muda mrefu mno bila kulisema. Watoto wafundishwe Waparsi walikuwa nani, na Farrokh Bulsara atajwe humo, kwa jina hilo. Nikialikwa kuchangia kitabu cha namna hiyo nitachangia. Mtaa kupewa jina la Freddie Mercury, hapana, bado nakataa.