Mjadala: Wanaookota taka barabarani, halmashauri iwasaidie au iwaache?

Fagio la Alfajiri: Kikundi chetu huokota taka kando ya barabara kuu kila mwezi. Glavu tunanunua wenyewe, mifuko wenyewe. Texas, tangu 1985, kikundi hukabidhiwa kipande cha barabara, idara ya barabara ikatoa mifuko na vizibao vya kung'aa, kisha ikaja kuzoa. Kwa nini sisi tuachwe hivihivi?

Kokoto: Msisaidiwe. Kuna watu wameajiriwa kufagia. Mkifanya bure, kesho wanapunguzwa kazi. Na wengi wenu mnatafuta picha tu.

Fagio la Alfajiri: Picha? Nina miaka 61, juzi nimeingia mtaroni nikatoka na vioo vilivyopasuka. Lifute hilo neno.

Kokoto: Shikamoo mzee, umri wako sikuujua. Neno silifuti. Nimeona kundi limevaa fulana za sare, likapiga picha, likaondoka. Mifuko ilikaa siku nne, mbwa wakaichana, upepo ukarudisha kila kitu barabarani.

Mama Bustani: Sasa hapo mwenye kosa ni nani, waliojaza mifuko au gari la taka ambalo halikutokea?

Kokoto: Wote. Huwezi kukusanya kabla hujajua nani atabeba.

Fagio la Alfajiri: Marahaba. Ila sisi tuliandika barua wiki mbili kabla, mhuri wa mapokezi upo. Usituweke kapu moja na hao.

Njia Panda: Dawa ni Rwanda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wote nje, kazi inafanyika, basi.

Mama Bustani: Hiyo kazi ya Rwanda, Umuganda, ni sheria, ndugu. Miaka 18 hadi 65, asiyetoka anaweza kupigwa faini. Hapa tunazungumzia kujitolea.

Njia Panda: Kwani uchafu unauliza nani kalazimishwa? Nchi ni safi.

Mama Bustani: Usisahau mifuko ya plastiki walipiga marufuku tangu 2008. Wamepunguza kinachotupwa! Wewe unataka kulazimisha watu waokote chupa ambazo kiwanda hakiulizwi.

Njia Panda: Chupa haijirushi dirishani. Abiria ndiye anayerusha.

Kokoto: Na dereva anamwangalia. Faini ianzie kwa dereva.

Utingo Mstaafu: Dereva tena? Dereva anatazama mbele. Nimefanya kazi hii miaka mingi, gari likiwekwa ndoo ya taka abiria wanaitumia. Mnatusingizia kila kitu.

Kokoto: Magari mangapi yana hiyo ndoo?

Utingo Mstaafu: La kwetu lilikuwa nayo.

Mama Bustani: Estonia 2008 walianza kwa kuweka madampo haramu kwenye ramani, ndipo watu 50,000 wakatoka siku moja wakazoa tani 10,000. Usafiri ulipangwa kabla.

Fagio la Alfajiri: Ndicho ninachoomba. Glavu nitanunua. Gari lije siku ileile. Kokoto, hilo nalo unalipinga?

Kokoto: Gari sipingi, mzee. Fulana za sare ndizo napinga.