Tupeane uzoefu: kutembea na kupiga picha bwawa la Ndakaini

Mwanzisha mada
Wenzangu, kila wikendi kuna mtu anauliza kuhusu Ndakaini, lile bwawa la Gatanga, Murang'a, linalonywesha sehemu kubwa ya Nairobi. Lilikamilika 1994, linabeba mita za ujazo milioni 70, na liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya safu ya Aberdare. Anayeijua njia, mwanga na matope yake aweke hapa. "Ni pazuri sana" haimsaidii mtu. Anataka kujua afike saa ngapi na avae nini.

Miguu Miwili
Kutoka Nairobi ni kama kilomita 80, unapitia Thika kisha unapanda Gatanga. Pale langoni jiandikishe kwanza na uulize ni wapi mgeni anaruhusiwa, kwa sababu hii ni hazina ya maji ya kunywa na tuta lina walinzi. Ukiwakuta wameketi, waamkue, eleza shughuli yako, waonyeshe kamera. Ukiificha ndipo utashukiwa.

Mzunguko mzima ni safari ya siku. Mbio za nusu marathoni za Ndakaini, kilomita 21, hukimbiwa kulizunguka bwawa hili, kwa hivyo mtembeaji anayesimama kupiga picha ajipangie saa sita au saba. Maji lita mbili kwa kila mtu. Anayetoka Pwani apande polepole. Kwenye mwinuko huu pumzi hukatika mapema, na sweta si mapambo, hasa Julai na Agosti ukungu unapokaa hadi karibu adhuhuri.

Mwanga wa Alfajiri
Jambo la kushika ni hili: Aberdare iko magharibi. Asubuhi, ukiwa upande wa tuta, jua liko mgongoni, na maji, mashamba ya majani chai na milima nyuma yake vyote vinapata mwanga wa mbele. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Kufikia saa tatu mwanga umeshakuwa mkali, na mara nyingi mawingu yameanza kuifunika milima. Jioni usiihesabu kwa saa ya mkononi: jua huzama nyuma ya milima, kwa hivyo bonde huingia kivuli mapema kuliko unavyotarajia.

Ukungu huidanganya kamera. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, picha inatoka kijivu kama moshi. Ongeza mwangaza kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili). Kwa simu, gusa sehemu yenye ukungu, shikilia hadi fokasi ijifunge, kisha pandisha mwanga kidogo.

Filta ya polaraiza huondoa mng'ao juu ya maji, na hukoza rangi ya anga zaidi jua likiwa ubavuni. Likiwa mgongoni anga haibadiliki sana na filta inakula stopu moja au mbili za mwanga, basi kama huna mng'ao wa kuondoa, ivue.

Kamera iliyopoa kwa baridi ya nje ikiingizwa kwenye gari lenye joto, lenzi huweza kufanya unyevu. Usifute kwa shati. Kabla ya kuingia garini, weka kila kitu ndani ya begi na ulifunge, kisha uliache dakika kama 20, kamera ipate joto taratibu.

Mwana wa Majani Chai
Naongezea la shambani. Njia kati ya mistari ya chai ni nyembamba na asubuhi majani yamejaa umande. Suruali italowa hadi mapajani, vaa gambuti. Usilalie wala kuweka begi juu ya ile meza iliyosawazishwa ya mchai, maana machipukizi unayoyavunja ndiyo mshahara wa mtu. Mchumaji huchuma majani mawili na kichipukizi kimoja. Hapo ndipo picha ya karibu ilipo: tone la umande limening'inia kwenye ncha ya kichipukizi, na ndani yake mlima umepinduka. Inama ulingane nalo, kasi ya shata iwe 1/250 ya sekunde au zaidi kwa sababu upepo mdogo tu unalitikisa.

Wachumaji waombe ruhusa kabla ya kuinua kamera. Wanapimiwa kwa kilo, basi usiwasimamishe kazi wakupozie.

Miguu Miwili
Nilisahau ukingo. Maji yakishuka, kama ilivyokuwa 2017 Nairobi ikigawiwa maji kwa zamu, hubaki ufuo mpana wa udongo mwekundu. Juu umekauka na kupasuka, chini ni uji. Stendi ya kamera huzama mguu mmoja na kuanguka na kila kitu. Mtu naye hunaswa hadi magotini, na hatua chache mbele kina huongezeka ghafla. Baki kwenye nyasi, tumia lenzi ndefu kwa ndege. Bata na mnandi hawatakusubiri ukisogea hata hivyo.

Mwanga wa Alfajiri
Na droni: bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na ruhusa ya wenye bwawa, iache nyumbani.