Ukoo wa Meku, Kilema: Safari ya Elia Nepal

*Jumatano*

[19:02] Dada Upendo: Wapendwa, habari za jioni. Nakumbusha suala la Elia, mchango wa safari yake ya kupanda mlima Nepal. Wale wa kampuni ya Kathmandu wanataka nakala ya tiketi na namba ya bima kufikia Ijumaa. Siyo Jumamosi, siyo "kesho dada". Ijumaa. Ahadi zipo nane, waliotuma ni watatu. Sipendi kutaja majina.

[19:03] Dada Upendo: Godi, Mama Junior, Frenki, Tumsifu, Joyce.

[19:20] Frenki: Dada si umesema hupendi kutaja majina 😂

[19:20] Dada Upendo: Tuma hela nitalifuta lako.

[19:51] Shangazi Anjela: Bwana Yesu asifiwe. Mimi nimeshatoa, lakini naomba kueleweshwa. Huo mlima ndiyo Everest?

[19:52] Dada Upendo: Hapana shangazi. Unaitwa Mera Peak. Upo Nepal huko huko, lakini Everest ni mita 8,849 na huu ni 6,476. Elia, upo? Mweleze shangazi.

[20:10] Elia: Shikamoo shangazi. Mera watu wanapanda bila chupa za oksijeni. Sehemu kubwa ni kutembea kwenye barafu, mmefungwa kamba moja wote, kwa sababu chini ya theluji kuna nyufa. Ukikaribia kilele kuna kipande kifupi kimesimama, hapo unapanda kwa kamba iliyofungwa juu. Ukifika unaona Everest, Lhotse, Makalu, Cho Oyu na Kangchenjunga kwa mara moja. Hakuna sehemu nyingi duniani unazoweza kuona hivyo.

[20:14] Shangazi Anjela: Marahaba. Na yule kijana wa Kenya aliyefia huko?

[20:17] Elia: Cheruiyot Kirui, mwaka 2024. Yeye na mwenzake Nawang Sherpa. Hiyo ilikuwa Everest yenyewe shangazi, juu ya mita 8,000, na Kirui alikuwa anapanda bila chupa. Mungu awapumzishe. Siendi huko.

[20:18] Frenki: Na Wilfred Moshi wetu alipanda Everest 2012 akarudi salama. Tutaje na wanaorudi jamani.

[20:19] Shangazi Anjela: Amina.

[20:33] Godi Dar: Samahanini nilikuwa kwenye foleni Mwenge. Kwani gharama si analipa yule mgeni wake wa Kilimanjaro?

[20:34] Dada Upendo: Godi, nimeeleza Jumapili, nimeeleza jana. Mgeni amelipia YA KULE: kibali, kiongozi wa mlima, chakula, ndege ya Lukla anakoanzia kutembea. Ya kwetu ni tiketi ya KIA mpaka Kathmandu, bima, na vifaa. Viza anachukua uwanjani akifika. Anaondoka katikati ya Aprili, masika huku wageni hakuna, na kule ndiyo msimu. Akikosa mwaka huu mgeni hatalipa tena.

[20:36] Godi Dar: Kwa hiyo Elia sasa ndiye mgeni? 😂😂

[20:36] Frenki: Wuiii! Elia anaamshwa na chai kwenye hema! "Sir, hot water for washing!"

[20:37] Godi Dar: Na siku ya mwisho aimbiwe Jambo Bwana ya Kinepali halafu tuone atatoa tipu shilingi ngapi.

[20:38] Mama Junior: Akitoa ndogo wagumu (wapagazi) wa kule wamkumbushe yale maneno yake ya tipu getini 🤣

[20:41] Elia: Nitatoa vizuri. Naijua ile sura ya mtu aliyebeba siku nane akapewa bahasha nyepesi. Kule wagumu wanabeba kwa namlo, mkanda unapita kwenye paji la uso, mzigo wote unaning'inia kwenye shingo. Nimeangalia video nikaumia shingo mimi niliyekaa. Begi langu nitalipunguza. Na ndege ya Lukla yenyewe inaruhusu kilo 15 tu.

[20:42] Frenki: Kilo 15 na yale mafuta yako ya nywele?

[20:42] Dada Upendo: TURUDI KWENYE MADA. Hela.

[20:43] Mama Junior: Dada nitatuma mwisho wa mwezi.

[20:43] Dada Upendo: Mwisho wa mwezi ni baada ya Ijumaa.

[20:44] Mama Junior: Ndiyo dada.

*Alhamisi*

[05:12] Joyce Toronto: Hamjambo wapendwa, huku bado ni usiku, nimetoka zamu. Nimetuma mchango wangu, dada angalia. Ila nimesoma ile karatasi ya bima uliyoituma. Ukurasa wa tatu, maandishi madogo: uokoaji wa helikopta na matibabu mwisho mita 6,000.

[05:13] Joyce Toronto: Kilele ni 6,476. Siku ya kilele nzima Elia hana bima. Akivunjika mguu juu ya 6,000, wao hawamjui.

[06:30] Dada Upendo: Joyce asante sana, hela nimeiona 🙏 Lakini hiyo bima ndiyo ya bei nafuu na nimeshaongea nao. Si mita 476 tu?

[06:41] Elia: Dada hizo ndizo zenyewe. Huko ndiko kwenye kamba na nyufa.

[06:44] Joyce Toronto: Ipo inayofika 7,000 inayoandika kabisa "kupanda mlima kwa kamba na kramponi", yale meno ya chuma ya kwenye buti. Bei ni kama mara mbili. Na muulize kampuni ya bima kama inamkubali mkazi wa Tanzania, nyingine zinakataa. Muulize kwa maandishi.

[06:45] Dada Upendo: Mara mbili!!

[06:46] Dada Upendo: Jamani.

[07:30] Godi Dar: Tuombe kwa imani asivunjike 😅

[07:31] Shangazi Anjela: Godi, mambo ya imani usiyafanyie mchezo.

[07:31] Godi Dar: Samahani shangazi.

[12:15] Dada Upendo: Vifaa. Jaketi ameazimwa. Hanesi (mkanda wa kufungia kamba), kramponi na shoka la barafu anakodi kule kule Khare, chini ya mlima. Kilichobaki ni mabuti ya tabaka mbili, la ndani na la nje, ya baridi kali. Kukodi huko wanasema mara nyingi namba zinapishana, na ukipata buti baya vidole vinakwenda. Namba yake ni 44. Tumsifu, wewe dukani unayo. Tunaomba umwazime ndugu yako.

[12:15] Dada Upendo: @Tumsifu

[13:40] Dada Upendo: @Tumsifu naona umesoma.

[14:22] Frenki: Tiki za bluu hizo 👀

[14:50] Dada Upendo: Tumsifu, ni buti tu.

[15:31] Tumsifu: Nakodisha kwa siku. Bei ipo ukutani.

[15:33] Mama Junior: Tumsifu jamani, ndugu yako.

[15:35] Tumsifu: Nilikuwa ndugu yake kambi ya Barafu pia, Kilimanjaro.

[15:36] Dada Upendo: Tusianze.

[15:38] Tumsifu: Mimi sijaanza. Wewe ndiye umeniita mara tatu.

[15:40] Elia: Kaka, tulishaongea hilo.

[15:44] Tumsifu: Uliongea na Mama. Na mimi hukuongea. Waulizeni wale wagumu wanne walionishusha Mweka usiku kwenye machela ya gurudumu moja, kifua kinakoroma kama chungu cha mtori. Waulizeni nani alikuwa anamshika mgeni mkono Stella Point, karibu na kilele, saa hiyo.

[15:46] Elia: Nilikuwa na wageni sita na msaidizi mmoja. Nilikuachia oksijeni na msaidizi.

[15:47] Tumsifu: Ndiyo. Msaidizi.

[15:49] Frenki: Jamani nani amesikia Yanga wamefungwa 😬

[15:49] Dada Upendo: FRENKI.

[16:20] Dada Upendo: Naomba tuendelee. Elia, tuma ratiba ili watu wajue siku.

[16:58] Elia: Kathmandu, halafu gari mpaka Ramechhap kwa sababu msimu ukichanganya ndege za Lukla zinaondokea huko. Lukla ni mita 2,860. Kutoka Lukla tunapandisha Chutanga, tunavuka mpito wa Zatrwa La 4,610, tunashuka Kothe 3,600. Halafu Thangnak, 4,300 na kidogo. Halafu Khare, kama 5,000, tunakaa siku mbili kufanya mazoezi ya barafu. Mera La 5,400. High Camp 5,800. Kilele tunaondoka saa nane usiku.

[17:02] Mama Junior: 5,800 ni kulala?

[17:03] Elia: Kulala.

[17:03] Mama Junior: Uhuru si 5,895? Yaani unalala Uhuru??

[17:04] Elia: Karibu. Na asubuhi unaanza kupanda kutoka hapo.

[18:37] Baba Mkubwa Meku: Shikamooni wote, mimi ni Rehema, naandika kwa niaba ya babu. Nimemsomea kuanzia jana. Anasema nisibadilishe neno.

[18:38] Dada Upendo: Shikamoo Baba Mkubwa 🙏

[18:38] Shangazi Anjela: Shikamoo kaka.

[18:38] Elia: Shikamoo Baba Mkubwa.

[18:45] Baba Mkubwa Meku: Marahaba. Elia, kutoka huo uwanja wa ndege mpaka huo mpito wa 4,610 mmepanga siku ngapi?

[18:46] Elia: Kama siku mbili, tatu, Baba Mkubwa. Nimezoea kimo.

[18:47] Tumsifu: Barafu nako ulisema nimezoea.

[18:55] Baba Mkubwa Meku: Tumsifu ngoja, nitakuja kwako. Elia, kimo hakizoeleki kikabaki. Masika hii utakaa Moshi mjini, haifiki mita 1,000, wiki tatu mwili umeshasahau. Wewe mwenyewe wageni wa Marangu unawalaza Horombo siku ya pili, unawatembeza mpaka Zebra Rocks na kuwarudisha kulala chini. Kwa nini? Mgeni akikuuliza unamjibu vizuri. Sasa jijibu mwenyewe.

[18:56] Baba Mkubwa Meku: Nimemwambia Rehema atafute njia nyingine kwenye simu. Ipo. Inazunguka kusini kupitia Panggom, inaingia bonde la Hinku kwa chini, unapanda taratibu mpaka Kothe bila kuvuka huo mpito kwanza. Inaongeza siku kadhaa. Mwandikie mgeni wako leo umwombe hiyo. Akikataa siku, basi amekata mwenyewe safari.

[18:57] Elia: Mgeni ana likizo fupi Baba Mkubwa.

[19:01] Baba Mkubwa Meku: Maji yakiingia kwenye mapafu hayaulizi likizo. Nimebeba watu walioingia maji mapafuni. Ulimi unakuwa wa bluu, halafu anakuambia yuko sawa, tuendelee. Wewe unajua, na ndugu yako anajua zaidi.

[19:04] Baba Mkubwa Meku: Bima. Ile ya 6,000 isilipwe. Tofauti ya kwenda kwenye ile ya 7,000 nitatoa mimi, nitauza mbuzi dume. Upendo, usibishane.

[19:05] Dada Upendo: Sawa Baba Mkubwa.

[19:09] Baba Mkubwa Meku: La mwisho. Elia, kabla ya tiketi, uje kihambani kwangu ukate jani la sale, la kuombea msamaha, kwa mkono wako, umpelekee Tumsifu dukani kwake mchana, watu wakiona. Siyo kwa simu, siyo kupitia kwa mama yenu. Tumsifu, akija, hujalazimishwa kusema lolote. Lakini usifunge duka.

[19:10] Baba Mkubwa Meku: Amemaliza. Anasema mlale salama.

[19:58] Shangazi Anjela: Amina kaka.

[20:40] Godi Dar: Nimetuma mchango dada. Na wa Frenki nimemlipia nusu.

[20:41] Frenki: Asante kaka 🙏 nusu nyingine naleta kesho kweli.

[21:15] Elia: Baba Mkubwa nimesikia. Mgeni nimemwandikia. Anasema Panggom anaweza kama nitapunguza siku moja ya Kathmandu na siku moja ya mazoezi Khare.

[21:16] Joyce Toronto: Siku ya Khare usipunguze!! Hiyo ndiyo ya kujifunza kamba.

[21:18] Elia: Nimemwambia hivyo hivyo. Hajajibu, huko kwao ni kazini.

*Ijumaa*

[08:05] Dada Upendo: Habari za asubuhi. Nimeongea na Kathmandu, wametupa mpaka Jumanne, MARA MOJA TU. Hali ilivyo: tiketi imebaki kidogo. Bima ya 7,000 nimeuliza kwa maandishi kama Joyce alivyosema, nasubiri jibu. Njia tunasubiri mgeni. Buti bado. Nimepanga Jumapili saa nane tukutane kwa Baba Mkubwa, tule, tumalize. Kila mtu ajibu NAKUJA.

[08:06] Shangazi Anjela: Nakuja. Nitaleta machalari.

[09:30] Mama Junior: Jumapili nina kipaimara kwa jirani. Tusogeze Jumatatu?

[09:31] Dada Upendo: Jumatatu watu wanafanya kazi.

[09:33] Frenki: Mimi Jumatatu niko huru.

[09:34] Dada Upendo: Frenki wewe uko huru kila siku, tuma ile nusu.

[11:47] Elia: Nipo njiani kwenda Kilema.

[11:50] Dada Upendo: Leo? Si tumesema Jumapili?

[13:26] Dada Upendo: Elia?

[16:02] Tumsifu: Ya 44 ipo moja, kushoto zipu imekufa. Fundi anasema wiki ijayo. Bei ya siku tutaongea.

[16:03] Dada Upendo: Asante Tumsifu 🙏🙏 Kwa hiyo Jumapili unakuja?

[16:40] Dada Upendo: @Tumsifu

[17:15] Mama Junior: Kwa hiyo ni Jumapili au Jumatatu?