Naomba ushauri: malalamiko ya kutwa nzima yananibadilisha tabia

Habari zenu ndugu zangu.

Mimi ni fundi cherehani, Kariakoo. Fremu tunachangia watatu na kodi tumelipa miezi 6 mbele, hivyo kuhama sasa siwezi. Wenzangu ni dada zangu kwa umri, na ushonaji wamenifundisha mengi. Shida ni maneno. Kuanzia saa 2 asubuhi ni kulalama tu: mteja akitoka anasengenywa, jirani akipata oda ya sare za harusi basi "ana mganga wake". Mimi kwa asili ni mtu wa kucheka, lakini siku hizi nafika nyumbani nimenuna, mwanangu akiniuliza kitu namjibu kwa ukali. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nimejaribu kubadilisha mada, wakasema najifanya mwema. Nikaweka redio, ikazimwa.

Naomba kujua: nawaambiaje watu walionizidi umri kwamba maneno haya yananichosha, bila kuonekana nawadharau? Na nyie mnaoshinda na watu wa namna hii, mnafanya nini jioni kabla ya kuingia ndani kwa watoto?

Natanguliza shukrani.