Rimu ya nyuma kushoto inaliwa na kingo za barabara, wenzangu wa Dodoma mnafanyaje?

Dada wa Kisasa
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada maana hili jambo linaniumiza jamani. Nina miezi mitano tangu ninunue gari, lilikuja na rimu za spoti inchi 17, zinang'aa, ndizo zilizofanya nilipende hata kabla sijaliwasha. Sasa hivi rimu ya nyuma kushoto imeliwa robo nzima ya mzunguko, imebaki mikwaruzo mieupe kama imepigwa msasa, na zile tatu bado mpya kabisa!! Mara ya kwanza ilikuwa karibu na Nyerere Square, nikaona nafasi kati ya gari mbili nikasema naingia, nikasikia krrrrr huko chini, moyo ukanilipuka. Mara ya pili nilikuwa nakata kushoto kutoka barabara kubwa kuingia mtaani kwetu Kisasa, wala sikuwa kasi, tairi la mbele likapita vizuri la nyuma likapanda ukingo wa zege likashuka puu. Na juzi tena Majengo sokoni, bodaboda kanibana kulia nikasogea kushoto kumpisha, ndo hivyo.

Kila mtu ananiambia utazoea tu. Mimi sitaki kuzoea kukwaruza gari nililolitolea jasho, nataka kujua nakosea wapi na kwa nini ni hilo hilo la nyuma kushoto. Na je, mikwaruzo hii ina hatari? Wiki ijayo naenda Dar na watoto, kilomita kama 450 hizo.

Dereva Ilazo
Pole sana dada. Wala usijione huna jicho la gari, hilo tairi linatusumbua wote. Tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, ukingo uko kushoto, wewe umekaa mbele kulia, kwa hiyo la nyuma kushoto ndilo liko mbali na wewe kuliko yote manne na hulioni.

Halafu kuna jambo ambalo wakati wa kujifunza udereva watu wanalipitia haraka haraka, gari likikata kona matairi ya nyuma hayapiti pale pale yalipopita ya mbele, yanakata kwa ndani. Ndiyo maana la mbele limepita salama la nyuma likapanda. Na gari likiwa refu ndo linakata zaidi, mimi naendesha Coaster ya wafanyakazi Ilazo kwenda Mtumba asubuhi na jioni, ningekuwa nakata kona kama mwenye gari dogo la IST ningeshamaliza kingo zote za mji huu.

Ninavyofanya: kabla ya kona ya kushoto naacha nafasi kama mita moja na ukingo, naenda mbele bila kukata mapema, nasubiri mpaka pale ukingo unapoanza kujikunja pafike usawa wa saidi mira ya kushoto, kile kioo cha pembeni, hapo ndo nazungusha usukani. Macho yangu wakati huo yako kwenye mira ya kushoto siyo mbele tu, maana ukiacha hiyo nafasi bodaboda au bajaji anaingia hapo hapo, na huyo ni mtu, bora rimu iende. Kwenye kipilefti mambo yanageuka, pale ukingo wa katikati uko kulia kwako, ukibana sana la nyuma kulia ndo linapanda.

Na hiyo ya kumpisha bodaboda kwa kusogea kushoto, acha. Punguza mwendo au simama kabisa, yeye atapita.

Mama Area C
Dada yangu nilikuwa kama wewe mwaka mzima. Kilichoniokoa ni hicho kioo cha pembeni cha kushoto, yaani saidi mira. Ukitaka kupaki sambamba na barabara, kielekeze chini mpaka uone tairi la nyuma na ukingo wenyewe, gari nyingi kina swichi mlangoni kwa dereva, na zingine kinashuka chenyewe ukiweka rivasi. Ukimaliza kirudishe, usitembee nacho hivyo.

Kingine, usiingie na pua mbele kwenye nafasi kati ya gari mbili. Najua inaonekana rahisi lakini ndo unapokwaruza, kwa sababu pua inafika kwenye ukingo wakati mkia bado uko nje, unalazimika kubana. Pita mbele ya ile nafasi, simama sambamba na gari la mbele, ingia kwa rivasi taratibu. Ukiona kwenye kioo tairi limekaribia ukingo na gari bado liko mshazari, simama, toka uanze upya, hata kama kuna mtu anapiga honi nyuma. Mwache apige. Na nani alisema lazima ugusane na ukingo? Sentimita 20 mpaka 30 zinatosha kabisa.

Mzee wa Nkuhungu
Mimi nasema toa hizo 17 weka 15. Rimu kubwa na tairi lenye ubavu mfupi siyo za barabara zetu, nje ya lami huku mtaani kwetu ni mashimo na makorongo ya mvua tu.

Fundi Matairi
Mzee wa Nkuhungu ana hoja, ngoja niiweke kwa hesabu. Soma namba ubavuni mwa tairi. Tairi la 205/45R17, hiyo 45 ni asilimia, yaani ubavu wake ni asilimia 45 ya upana wa milimita 205, inakuja kama 92. La 185/65R15 ubavu ni milimita 120. Kwa nje yana kimo karibu sawa, lakini la kwanza limepoteza karibu sentimita tatu za mpira kati ya rimu na zege. Ila dada asikimbilie kubadilisha, na siyo kila 15 inaingia, kuna gari breki zake ni kubwa hazikubali rimu ndogo.

Sasa swali la hatari ndo limenifanya niandike, kwa sababu wengi wanaangalia rimu wanasahau tairi. Mkwaruzo juu ya rimu ni urembo tu umeharibika, unapigwa msasa na rangi unaisha. Kinachonitia wasiwasi ni lile ulilosema lilipanda likashuka puu. Pale mpira unabanwa kati ya zege na rimu, nyuzi za ndani zinakatika, halafu upepo unasukuma ubavu nje linatoka nundu. Hiyo haizibwi wala haipigwi kiraka, na kwenye mwendo mrefu na joto la mchana linaweza kupasuka. Dada kesho asubuhi kabla hujatoka, pitisha kiganja ubavu mzima wa hilo tairi, nje na ndani, usiangalie kwa macho tu. Pima na upepo likiwa limepoa, kiasi sahihi kimeandikwa kwenye stika pale kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo ndo linaloumia zaidi kwenye ukingo. Na kama usukani unatetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa, au gari linavuta upande mmoja, basi rimu imepinda au alaimenti, yaani mlingano wa matairi, imehama, usisafiri nalo hivyo.

Na akikwambia mtu rimu ya aloi iliyopasuka inachomelewa inakuwa kama mpya, usimsikilize. Watoto wanakaa humo.

Dada wa Kisasa
Wakuu nimerudi. Fundi Mungu akubariki, mikono inanitetemeka nikiandika. Nundu ipo!! Ukubwa wa nusu limao, ubavu wa nje chini kidogo ya mikwaruzo, nilikuwa naipita kila siku nikidhani ni umbo la tairi. Upepo nimekuta PSI 24, stika inasema 32. Nimenunua matairi mawili ya nyuma yote, rimu imekaguliwa haijapinda, rangi itasubiri.

Jana jioni shemeji kanipeleka uwanja wa Nanenane Nzuguni, tukapanga maboksi kama ukingo nikaingia kwa rivasi zaidi ya mara 20 na kioo nimekishusha. Boksi nimeligusa mara tatu tu, zote mwanzoni. Na kona ya kwetu leo nimeipita kwa ile alama ya mira, Dereva Ilazo, tairi limepita mbali kabisa na ukingo.

Swali la mwisho, lile la akiba naliacha hivyo hivyo?

Fundi Matairi
Lipime upepo nalo, watu wanalisahau miaka. Kama ni lile jembamba la muda limeandikwa 80, basi usizidishe kilomita 80 kwa saa na ulitumie mpaka kwa fundi wa karibu tu, siyo mpaka Dar. Ondokeni alfajiri kabla jua halijawa kali.